Yoti ya mtumba Kilifi: kabla hujatuma hela, tazama chini ya maji

Msee wa Wabera anatafuta nini na yoti? Swali zuri. Maji mengi kuliko yote tunayoyajua hapa Isiolo ni Ewaso Nyiro ikifurika. Lakini tangu tuambiwe kwamba barabara, reli na bomba la mafuta vitatuunganisha na Lamu, vijana wengi hapa wanaangalia Pwani kwa jicho la biashara. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na stori za watalii na hela za bahari hazijaisha mtaani. Kwa hivyo likikufikia kwenye WhatsApp tangazo la yoti inayouzwa Kilifi au Mtwapa, usicheke. Soma nalo vizuri.

Huwa linaenda hivi: futi 38, bodi ya fibaglasi, injini ya dizeli, sola, inveta, friji, usukani unaojiendesha, mashine ya kugeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa, nanga mbili, vitanda sita. Iko tayari kwa safari. Bei? Ni ya Land Cruiser iliyotumika. Hapo ndipo moyo unaanza kudunda.

Kwanza jiulize kwa nini inauzwa hapa. Maboti mengi ya aina hii yameletwa na wageni wanaozunguka dunia, wengine wakitokea Shelisheli au Madagaska wakisukumwa na kusi. Wanafika, wanapenda creek ya Kilifi kwa sababu imetulia, wanatia nanga. Halafu maisha yanaingia: hela inaisha, mgongo unauma, ndoa inavunjika, mjukuu anazaliwa nyumbani. Kurudi Ulaya kwa tanga kuna njia mbili tu za maana. Ya Bahari ya Shamu na Suez imekuwa na balaa lake muda mrefu. Oktoba 2009 Waingereza Paul na Rachel Chandler walitekwa na maharamia wa Kisomali wakitoka Shelisheli kuja Tanzania, wakaachiliwa Novemba 2010. Maharamia walipopungua, mwishoni mwa 2023 Wahuthi wakaanza kushambulia meli. Njia ya pili ni kuzunguka Afrika Kusini, ambako mawimbi hayana huruma na mtu aliyechoka. Sasa unaelewa bei. Mzee hawezi kurudi nalo boti, na kila mwezi linamla.

Hiyo ni nafasi yako, sikatai. Ila pia ina maana kwamba boti limekaa. Na boti la matanga likikaa kwenye maji ya joto huoza kimyakimya.

Sasa lile orodha refu la vifaa. Ukienda soko la mifugo kununua ngamia, humsifii mwenye mali kwa kamba nzuri aliyomfunga ngamia shingoni. Unafungua mdomo uone meno, unamtembeza uone miguu. Friji na sola ni kamba ya shingoni. Betri hufa, vifaa vya umeme huliwa na chumvi, na vyote unaweza kununua vingine polepole. Meno ya boti ni bodi, mkuku na mlingoti.

Mkuku ni ule uzito mkubwa wa chuma au risasi ulio chini, unaofanya boti lisipinduke tanga likijaa upepo. Kwenye yoti nyingi za kisasa umefungwa kwa bolti kutoka ndani. Boti likigonga mwamba, na Pwani yetu imejaa matumbawe, bodi inaweza kupasuka ndani pale bolti zinapopita, na kwa nje usione kitu. Mei 2014 yoti moja ya Uingereza iliyoitwa Cheeki Rafiki (jina kama la mtaani kwetu, si ndio?) ilikuwa inatoka Antigua kurudi Uingereza. Katikati ya Atlantiki mkuku ukang'oka, boti likapinduka. Watu wanne walipotea. Wachunguzi walisema huenda kugonga chini mara kadhaa huko nyuma, pamoja na ukarabati uliofuata, kulikuwa kumedhoofisha bodi.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe la inveta. Muulize: limewahi kugonga chini? Nani alitengeneza? Kisha taka kuliona nje ya maji. Kama hakuna winchi ya kulivuta, kuna mbinu ambayo mabaharia wa Pwani wametumia tangu zamani na majahazi yao. Wakati wa bamvua, maji kati ya kujaa na kupwa hupishana karibu mita nne. Chombo kinaegeshwa maji yakiwa juu, yakitoka kinabaki mchangani, na una saa chache za kuzunguka na tochi. Si kila yoti inakubali kulazwa hivyo, mkuku mwembamba na mrefu unataka kuegemezwa, kwa hivyo fundi awepo. Muuzaji anayekataa kabisa boti lisionekane tumbo, muage kwa heshima.

Nyaya za chuma zinazoshika mlingoti nazo hudanganya macho. Zinang'aa tu, halafu siku moja uzi mmoja unakatika pale unapoingia kwenye kishikio, na mlingoti wote unashuka. Mafundi wengi hushauri zibadilishwe baada ya miaka kumi hivi. Omba risiti.

Kuna kifaa kimoja kwenye orodha ambacho hakistahili mzaha: kile cha kuita msaada kwa setilaiti. Cha zamani cha masafa ya 121.5 ni pambo, kwa sababu setilaiti ziliacha kuyasikiliza tarehe 1 Februari 2009. Kinachofanya kazi ni cha 406. Lakini hata hicho kimesajiliwa kwa jina la mwenye boti. Usipobadilisha usajili, siku ukikibonyeza ukiwa nje ya Watamu, simu inampigia mzee aliye kwake Uingereza anakunywa chai.

Najua chama kimoja cha vijana watano hapa mtaani ambao hesabu yao iliishia kwenye bei. Chuo niliacha, usinitarajie nikupe mahesabu ya kitaalamu, lakini kanuni ambayo wenye maboti huitaja sana ni kwamba matunzo hula karibu asilimia kumi ya bei kila mwaka. Rangi ya chini, matanga yaliyochomwa na jua, mlinzi, mahali pa kutia nanga. Boti la milioni tatu, weka laki tatu kando kila mwaka, liende safari au lisiende. Na ukitaka kubeba watalii kwa malipo, KMA, wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, watataka ukaguzi na leseni kabla ya mteja wa kwanza kupanda.

Mwisho ni makaratasi, na hapa ndipo watu huumia zaidi. Yoti nyingi za Waingereza ziko kwenye rejista ndogo ya vyombo ya nchi yao. Cheti hicho hakithibitishi kwamba aliyeandikwa ndiye mwenye mali, na wewe unayeishi Isiolo huwezi kukiendeleza. Taka mlolongo wa hati za mauzo, mmiliki hadi mmiliki. Halafu ushuru: boti likiwa liliingia nchini kama la mgeni anayepita, huenda halikulipiwa chochote, na deni hilo huamka Mkenya anapolinunua. Chukua nakala ya makaratasi yote, uende nayo ofisi ya forodha ya KRA Mombasa au Kilifi, uandikiwe kiasi kinachodaiwa. Kiasi hicho kiondolewe kwenye bei, kiandikwe kwenye mkataba, na hela ya kwanza itoke baada ya boti kuonekana mchangani.