Degedege na Upungufu wa Damu: Mzazi, Fahamu Haya

Katika kata ya Kamuli wilayani Kyerwa, kama ilivyo kwingi mkoani Kagera, chakula kikuu ni ndizi. Ndizi hushibisha, lakini peke yake haimtoshelezi mtoto madini ya chuma yajengayo damu. Upungufu huo unahusiana na maradhi yanayowatisha wazazi wengi, nayo ni degedege.

Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 apatapo homa aweza kukakamaa, kugeuza macho na kutupa viungo. Aghalabu hali hiyo hupita kabla ya dakika 5. Si ndege wala shetani; ni ubongo mchanga ulioelemewa na homa. Tafiti nyingi zimewakuta watoto hao na upungufu wa chuma mara nyingi zaidi kuliko wenzao waliopata homa bila degedege, kwani ubongo nao huhitaji chuma ili ufanye kazi sawasawa. Hiyo si sababu pekee, lakini haifai kupuuzwa: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa watoto 58 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu.

Je, tukimbilie vidonge vya chuma? La hasha. Utafiti wa kisiwani Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza, mahali penye malaria nyingi, walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Basi dawa hiyo ifuate kipimo cha damu na agizo la mganga, na mtoto alale ndani ya chandarua.

Chakula, hata hivyo, hakina hofu. Atimizapo miezi 6, pamoja na maziwa ya mama, mpondee ndizi kwa maharage, dagaa au maini, kisha mpe papai au chungwa. Chai na kahawa zisimkaribie, kwani huzuia chuma kuingia mwilini.

Degedege likimshika, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, na umfikishe zahanati upesi. Huko, mwombe mganga apime malaria, na pia wingi wa damu. Homa ikishapoa, upungufu wa damu waweza kubaki.