Drafti ya NFL: Venye Unaweza Kujua Chicago Bears Watabeba Nani Kabla Jina Lisomwe

Kila mwaka mwisho wa Aprili kuna wasee hapa Nairobi huamka saa tisa usiku kutazama show ambayo haina mechi. Hakuna mpira unachezwa, hakuna refa. Jamaa wa suti anapanda steji, anataja jina la kijana wa miaka 21 ama 22, na hapo hapo maisha ya huyo kijana yanabadilika. Hiyo ndio drafti ya NFL, ile ligi kubwa ya futiboli ya Marekani.

Na kabla huyo jamaa afungue mdomo, mtandao mzima umekuwa ukibishana miezi mitatu: timu yangu itabeba nani? Kila mtu ana utabiri wake. Wengi huangukia pua. Lakini kuna njia ya kukaribia ukweli, na ukiielewa utaona kuna picks zilikuwa wazi ka mchana. Tutatumia timu moja, Chicago Bears, juu drafti zao za 2024 na 2025 ni darasa safi.

Kwanza, hii kitu hufanya aje?

Ukizoea Premier League utachanganyikiwa kidogo. Kule, timu iko na doh inaenda sokoni, inalipa, inabeba. NFL haiko hivyo. Vijana wanatoka timu za vyuo, na hawaruhusiwi kuingia drafti hadi miaka mitatu ipite tangu wamalize shule ya sekondari. Timu ziko 32, raundi ni 7, na foleni inapangwa kinyume: timu iliyokuwa mbovu zaidi msimu uliopita inachagua kwanza, mabingwa wanachagua mwisho. Hakuna kushushwa daraja. Ukiwa wa mwisho unapewa pole kwa njia ya kijana mkali.

Mshahara nao unafuata nambari yako kwa foleni. 2024 Bears walichagua nambari 1 na nambari 9. Wa kwanza, Caleb Williams, alipata mkataba wa miaka minne wa zaidi ya dola milioni 39. Wa tisa, Rome Odunze, karibu dola milioni 22.7. Hebu fikiria, nafasi nane tu kwa foleni na tofauti ni zaidi ya dola milioni 16. Ndio maana wazazi hulia pale mbele ya kamera.

Kitu ingine: nafasi kwa foleni inauzwa. Timu inaweza kukupa zamu yake ya mwaka huu, hata ya mwaka ujao, ukiwapa kitu wanataka.

Na ka unajiuliza Mkenya yuko wapi kwa hii stori: Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, hakupitia huu mlango. Alikuwa mchezaji wa raga, hakuwa amecheza futiboli ya chuo Marekani, na Indianapolis Colts walimsaini moja kwa moja 2013. Kwa vijana wengi wa kule, lakini, drafti ndio geti kuu.

Bears walijifunza kwa kuumia

Kwotabeki ndiye msee anayerusha mpira na kuendesha timu nzima. Ukimkosa, umekwisha. Bears wamemtafuta miaka mingi sana. 2017 walikuwa nambari 3 kwa foleni, wakawapa San Francisco hiyo zamu pamoja na zingine tatu ndio wasonge hadi nambari 2. Nafasi moja tu! Wakambeba Mitchell Trubisky. Nambari 10 siku hiyo alikuwa nani? Patrick Mahomes. Huyo alienda Kansas City akawapa vikombe vya Super Bowl. Ukitaka kukosana na shabiki wa Chicago, mtajie hiyo siku.

2021 wakajaribu tena na Justin Fields, nambari 11. Haikuiva vile walitarajia.

Halafu Machi 2023 wakafanya biashara ya akili. Walikuwa wameshika nambari 1. Badala ya kuchagua, wakawauzia Carolina Panthers. Walichopata: mdakaji mkali DJ Moore, zamu mbili za 2023, zamu ya kwanza ya Carolina ya 2024 na zamu ya pili ya 2025. Msimu huo Panthers wakashinda mechi mbili pekee na kupoteza 15. Maana yake? Ile zamu ya 2024 iligeuka kuwa nambari 1 ya drafti nzima, na ilikuwa mfukoni mwa Bears. Sasa ndio utabiri unaanza.

Dalili ya kwanza: Angalia Machi, usiskize Aprili

Machi ndio mwezi timu zinasaini wachezaji walio huru na kubadilishana. Hapo doh inatoka, na ukishatoa doh umeshasema ukweli wako. Aprili ni mwezi wa mdomo: mameneja wanasifu kila kijana, "vyanzo vya ndani" vinavujisha mambo, na mengi ni moshi wa kuficha mpango.

Cheki 2024. Tarehe 16 Machi, Bears wakampeleka Justin Fields Pittsburgh kwa malipo kiduchu, zamu ya raundi ya sita ambayo ingepanda tu masharti fulani yakitimia. Timu iliyo na nambari 1 imeondoa kwotabeki wake kwa bei ya kutupa. Hapo unahitaji nabii? Walikuwa wanamtaka Caleb Williams wa chuo cha USC, na mwezi mmoja baadaye jina lake ndilo lilisomwa kwanza.

Cheki pia 2025. Msimu wake wa kwanza, Williams aliangushwa na mpira mkononi mara 68, nyingi kuliko kwotabeki mwingine yeyote wa ligi mwaka huo. Bears wakamaliza na ushindi 5 na hasara 12. Kila mtu akaimba wimbo mmoja: lazima wabebe walinzi wa mbele kwa raundi ya kwanza. Lakini Machi ikafika, Bears wakawaleta Joe Thuney kutoka Kansas City na Jonah Jackson kutoka Rams, wakamsaini na Drew Dalman. Watu watatu wa katikati ya ule ukuta kwa mwezi mmoja! Wenye walikuwa makini wakaelewa kwamba pengo kubwa limezibwa, kwa hivyo nambari 10 iko huru kwenda kwingine. Na ilienda kwingine.

Dalili ya pili: Pengo la mwaka ujao

Hapa ndio wengi hupotea. Timu haichagui tu kwa sababu ya shimo la leo. Mkataba wa kijana wa drafti ni wa miaka minne, kwa hivyo meneja anaangalia nani ataondoka kesho.

Nambari 9 ya 2024 ni mfano. Bears walikuwa na wadakaji wawili, DJ Moore na Keenan Allen, ambaye walikuwa wamemchukua Machi hiyo hiyo. Ukihesabu haraka utasema hawahitaji mdakaji. Lakini Allen alikuwa anagonga miaka 32 na mkataba wake ulikuwa umebakisha mwaka mmoja. Wakambeba Odunze. Mwaka uliofuata Allen hakuwa Chicago tena.

Kwa hivyo ukitabiri, usisome tu majina ya wenye wako kwa timu. Soma umri, na mkataba unaisha lini.

Dalili ya tatu: Kocha anapenda nini?

Januari 2025 Bears walimwajiri Ben Johnson, aliyekuwa akipanga mashambulizi ya Detroit Lions. Kule Detroit alikuwa na kijana anaitwa Sam LaPorta. Huyo ni taiti-endi, yule mchezaji mkubwa wa mwili anayesaidia kulinda na pia kukimbia kudaka pasi. Mwaka wake wa kwanza, 2023, LaPorta alidaka pasi 86.

Bears walikuwa na taiti-endi tayari, Cole Kmet, na wanamlipa vizuri. Kwa karatasi hakukuwa na pengo. Lakini zamu ya nambari 10 ilipofika, wakambeba Colston Loveland wa Michigan, taiti-endi wa kwanza kuchaguliwa mwaka huo. Watabiri wengi walikuwa wamempanga Tyler Warren wa Penn State mbele yake. Warren akaenda nambari 14. Mwenye alikuwa ameuliza "huyu kocha mpya hula nini?" alikuwa amekaribia jibu kuliko mwenye alihesabu mapengo pekee.

Ile zamu ya pili kutoka kwa Panthers nayo ikatua nambari 39, na Bears wakabeba mdakaji, Luther Burden. Unakumbuka Allen ameondoka? Haya basi.

Dalili ya nne: Nani wako mbele yako kwa foleni?

Kutabiri nambari 1 ni rahisi. Nambari 9 ama 10 ni ngori, juu lazima utabiri watu wote walio mbele. Ni kama kungoja chapo kwa kibanda: unajua unataka nini, lakini wanane mbele yako wanaweza kumaliza sinia.

2025 kulikuwa na majina yaliyohusishwa sana na Bears: mkimbiaji Ashton Jeanty, na walinzi Will Campbell na Armand Membou. Campbell akaenda nambari 4, Jeanty nambari 6, Membou nambari 7. Kufika nambari 10, sinia ilikuwa imebaki na vitu vingine. Ndio maana utabiri mzuri wa nafasi za katikati huwa na majina matatu ama manne kwa mpangilio. Mwenye anakupa jina moja na kuapa, huyo anakuuzia ndoto.

Na sasa, mahali kila kitu huvunjika

Tusidanganyane. Hata ukifuata dalili zote, kuna siku timu itakutoa jasho.

Machi 2024, Atlanta Falcons walimpa kwotabeki Kirk Cousins mkataba wa miaka minne unaoweza kufika dola milioni 180, na milioni 100 kati yake ni za uhakika. Kwa sheria yetu ya Machi, hao wamemaliza stori ya kwotabeki. Drafti ikafika, nambari 8, wakambeba Michael Penix Jr. Kwotabeki! Ukumbi ukashangaa. Nani alifaidika? Bears, waliokuwa wanafuata. Zamu moja ambayo wengi hawakuitarajia, na Odunze akawangoja pale mezani.

2025 kulikuwa na Shedeur Sanders. Utabiri mwingi ulimweka raundi ya kwanza. Ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu na ya nne pia. Cleveland Browns walimchukua raundi ya tano, nambari 144, na hata hapo walikuwa tayari wamebeba kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel.

Lakini stori ya kukuuma zaidi, hasa ka uko na app ya kubet kwa simu, ni ya Will Levis. Aprili 2023, mtu asiyejulikana aliandika Reddit kwamba Levis ameambia watu wake Carolina watamchagua nambari 1. Hakuna ushahidi, maneno tu. Watu wakamwaga doh, kampuni za kubet zikashusha malipo ya hiyo beti kwa kasi, na hiyo yenyewe ikawafanya wengine waamini kuna kitu. Usiku wa drafti, Carolina wakambeba Bryce Young. Levis akakaa ukumbini na familia yake raundi nzima bila kuitwa. Alichukuliwa kesho yake, nambari 33. Mikeka ilichanika vibaya.

Ona tofauti. Falcons ni timu iliyobadilisha mchezo, hiyo hutokea. Levis ilikuwa uvumi, na mwenye angeangalia dalili angeona haina miguu. Pia kumbuka unabet dhidi ya nani: mwenye anajua jina la kweli yuko ndani ya chumba cha timu, na wewe uko kwa keja na bundles za mia. Kutabiri drafti ni raha kwa mabishano ya base. Doh ya rent haifai kuwa karibu na hiyo stori.

Ukitaka kujaribu drafti ijayo

Chagua timu moja tu. Mwisho wa Machi andika kwa simu yako: wamemsaini nani, wamemwondoa nani, mkataba wa nani unaisha mwaka ujao, na kocha wao alifanya nini alikotoka. Angalia pia ni vijana gani wamealikwa kwa timu, juu kila timu huruhusiwa kuleta hadi 30 makao yake kabla ya drafti, na ni vizuri kujua walitumia nafasi hizo kwa nani. Kisha andika majina manne kwa mpangilio, ufunge hiyo karatasi. Chochote utakachoskia wiki ya mwisho, usibadilishe.

Halafu weka alarm ya saa tisa usiku. Ka moja ya majina yako manne litasomwa, mbogi ya WhatsApp itakuheshimu mwaka mzima. Ka halitasomwa, si unarudi tu kulala.