Fomu ya Freemason Elfu 35? Mwana, Hapo Unapigwa

Oya masela wa Mpwapwa. Na nyie madada wa kitaa msikae mbali, hii ni yenu pia.

Fungua Insta sasa hivi. Ingia posti ya staa yeyote wa Bongo, shuka kwenye komenti. Utawakuta. "Jiunge na Freemason leo, utajiri ndani ya saa 24, hakuna kafara, tucheki WhatsApp." Staa kaposti keki ya mwanaye, jamaa wapo. Staa kafiwa na bibi yake, jamaa wapo, hata pole hawatoi kwanza. Profaili ina jicho ndani ya pembetatu, ina bikari ya hesabu, ina mabunda ya dola yamepangwa kitandani juu ya shuka la maua. Shuka la maua, mwana! Watu eti wanatawala dunia kimyakimya, halafu wanalalia shuka kama la bimkubwa wako.

Na bado watu wanajaza fomu.

Mchizi wetu mmoja wa huku Mpwapwa, jina nalikalia, aliingia mzima mzima. Akawacheki. Akajibiwa fasta na mtu anayejiita Grandi Masta, voisi noti ya Kiingereza kizito, nyuma yake jogoo anawika. Ikaja fomu. Jina, namba ya NIDA, jina la mama, kazi unayofanya, na swali tamu kuliko yote: unataka gari gani? Mchizi kajaza Crown. Ada ya fomu elfu 35. Kalipa. Siku ya pili pete, bila pete hutambuliki. Kalipa. Kisha mzigo wa hela umetoka ila umekwama njiani, unadaiwa ushuru. Hapo mfukoni hamna hata jero. Kachukua mbuzi wa nyumbani, kapeleka mnadani, kauza. Kisha kaenda kwa wale wa kausha damu, kaweka simu rehani. Sasa hana mbuzi, hana simu, na Crown bado iko kwenye fomu.

Tupige hesabu ya kitaa. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida Dodoma hadi Dar ilikuwa elfu 31. Kwa hela ya fomu tu ungepanda, ungepita Gulwe yetu ukiwapungia washkaji dirishani, ungeshuka Dar, ungetembea hadi Sokoine Drive ukalitazama jengo la Freemason wenyewe. Lipo pale, mchana kweupe, mtaa unajulikana, daladala zinapita. Na chenji ya chipsi ingebaki.

Maana Freemason wa kweli wapo, hilo halina ubishi. Walianza kujipanga rasmi London, mwaka 1717. Wana majengo, wana vikao, wana mavazi yao na aproni zao. Ila cheki utaratibu wao ulivyo mbali na huu wa komenti. Kwa kawaida unaingia kwa kudhaminiwa na mwanachama anayekujua. Wanakuchunguza, wanapiga kura. Umri kwa kawaida ni miaka 21 na kuendelea. Lazima uwe unaamini kuna Mungu. Halafu hapa ndipo fomu ya WhatsApp inapokufa kifo chake: kule wewe ndiye unayetoa hela. Ada ya kuingia, ada ya kila mwaka, na michango ya kusaidia watu. Hakuna anayekabidhiwa begi la dola kwa sababu kajaza jina la mama yake.

Kama hunisadiki, mcheki Sir Andy Chande. Huyu mzee alikulia Bukene, Tabora, na kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza Freemason wa Afrika Mashariki nzima. Hakujificha. Alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2005, na alikuwa akikaa na waandishi wa habari anaulizwa maswali ya damu na kafara, anajibu kwa upole. Sasa sikia hii. Familia yake ilikuwa na vinu vya kusaga nafaka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikavitaifisha. Vikaenda. Hakuna jicho la pembetatu lililokuja kuvirudisha. Yeye akabaki kuwa mwajiriwa, akaendesha shirika la taifa la usagishaji, NMC, kwa mshahara. Ndiye Freemason maarufu kuliko wote Bongo huyo, alifariki 2017. Kama vinu vyake yeye havikuokolewa, wewe nani kakuahidi Crown?

Wengine wanabadilisha jina, wanakuja na Illuminati. Hao ndio kituko zaidi. Illuminati walianzishwa na profesa mmoja wa Bavaria, Adam Weishaupt, mwaka 1776, na kufikia 1785 mtawala wa huko alikuwa ameshawapiga marufuku. Kikundi kilizimwa kabla Mjerumani hajaota hata kujenga boma hapa Mpwapwa, halafu leo kina laini ya simu na kinapokea kwa mobile money.

Wazee nao wakisikia habari hizi, hapo ndipo utacheka hadi ulie. Mzee anakaa barazani anakwambia Freemason wanakunywa damu kwa glasi. Umemuona nani? Hajaona, kaambiwa na shemeji. Muigizaji Kanumba alipofariki Aprili 2012, vijiwe vya wazee vilishatoa hukumu hata mazishi hayajafanyika: Freemason hao. Kijana akinunua bodaboda mpya, Freemason. Binti akijenga vyumba viwili, Freemason. Yaani kwa wazee wetu mtu hawezi kutoka kimaisha kwa jasho lake hata kidogo. Na ni maneno hayohayo yanayomnenepesha tapeli! Dogo anakua akisikia kila mwenye nacho kakipata kwa njia ya siri, akikutana na namba ya WhatsApp anaona huu ndio mlango wenyewe uliokuwa ukisimuliwa. Matangazo ya bure tapeli kapewa na babu yako.

Na wasitutambie kwamba vijana tunapenda vya mteremko. Ule upatu wa DECI ulipoanguka mwaka 2009, waliokuwa wamepanga foleni "kupanda mbegu" ni nani? Wao. Wamepanda, hawakuvuna, na mpaka leo ukiutaja sebuleni mtu anaongeza sauti ya redio.

Ila kuna mzee mmoja tunapaswa kumkumbuka kwa heshima, wa hapo jirani Kilosa. Chifu Mangungo wa Msovero. Shuleni wote tulifundishwa. Mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters anakuja, mgeni, ana tabasamu, ana karatasi. Mangungo anaweka alama yake kwenye kitu asichoweza kukisoma, ardhi inahesabiwa imeondoka. Mangungo hakuwa na Google. Hakuwa na mtu wa kumtafsiria kwa haki. Wewe unayo simu yenye bando, unaye mwalimu wa Chuo cha Ualimu anapita hapo kila siku, na bado unasaini peke yako usiku chini ya shuka.

Hilo la peke yako ndilo linaloniuma, kusema kweli. Cheki voisi noti zao zote zina mstari mmoja: usimwambie mtu yeyote, ukisema utajiri unapotea. Ukianza kushtuka wanapandisha: ukijitoa, mama yako anakufa. Wanalo jina la mama, uliliandika mwenyewe kwenye fomu. Mchizi wetu alikaa na tishio hilo kifuani, halali, hali, tukadhani kaachwa na demu. Mtu anauza mbuzi wa familia huku anatetemeka kwamba asipolipa atamuua mama yake. Ukatili wa kiwango hicho haustahili kufichiwa siri.

Na hao wanaotishia ni raia wa kawaida, wanashikwa. Ripoti za TCRA zimeutaja mara kwa mara mkoa wa Rukwa, na Morogoro pia, kuwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu. Jicho linaloona yote liko geto fulani huko, linasubiri bando la usiku lianze.

Basi wewe ambaye fomu umeshaituma, sogea kijiweni na simu yako. Hatukuzodoi, nakuapia. Kama hela umetuma muda huu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako haraka, kabla jamaa hajaitoa. Ikiwa bado ipo wanaweza kuizuia. Piga picha meseji zote, usifute hata moja. Namba ya tapeli itume 15040. Nenda polisi na hizo picha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na inawahusu moja kwa moja. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, maana namba yako wanayo na wanaweza kuitumia kwa uchafu mwingine.

Na zile voisi noti za Grandi Masta usizisikilize chumbani tena. Zilete hapa tuziweke kwenye spika ya bodaboda, mtaa mzima uisikie sauti yake na jogoo wake.