Vijana wa vijijini wapewe kazi katika vita dhidi ya tumbaku

Watoto wengi wa vijijini huizoea sigara kabla hawajaivuta. Hutumwa dukani kununua moja, na muuzaji huwapa bila swali kwa sababu anamjua aliyewatuma. Wakifikia ujana wanakuwa wanajua bei yake na anayeiuza. Ubongo wao bado unakua, na nikotini hujenga uraibu humo upesi kuliko kwa mtu mzima.

Kila mwaka tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani. Hata hivyo, takwimu hiyo haimtishi sana kijana wa miaka 15, kwani saratani ya uzeeni anaiona iko mbali. Kinachomgusa leo ni kugundua kwamba kuna anayemwinda ili achukue nafasi ya wateja wanaokufa.

Jimbo la Florida, Marekani, lilianzia hapo mwaka 1998. Vijana wenyewe walishirikishwa kubuni kampeni ya kufichua mbinu za kampuni za sigara, wakaunda na vikundi vyao. Ndani ya miaka miwili, uvutaji miongoni mwa wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane ulishuka kutoka asilimia 18.5 hadi 11.1. Bei ya sigara nayo ilipanda wakati huo, lakini mchango wa vijana ulionekana wazi.

Kijijini, kikundi cha wanafunzi na mwalimu wao mlezi kinaweza kuanza na maduka: ni mangapi yaliyo karibu na shule, na yapi yana matangazo ya sigara? Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza pia kuuza sigara moja moja, jambo linalomlinda kijana mwenye shilingi chache. Yale waliyoyaona wayapeleke kwenye mkutano wa kijiji au baraza la chifu. Kwa Tanzania, halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, hivyo hoja ya vijana inaweza kugeuka kuwa kanuni ya wote.

Panapolimwa tumbaku, kama Urambo na Kaliua nchini Tanzania na Migori nchini Kenya, busara zaidi inahitajika. Zao hilo ndilo linalolipa ada ya shule, kwa hiyo kijana asifundishwe kumdharau mzazi wake. Afundishwe kwamba nikotini ya majani mabichi, hasa yakiwa na umande, hupenya kwenye ngozi na kuleta kizunguzungu na kutapika. Kwa hiyo mtoto hapaswi kuyachuma. Aelezwe pia kuwa wakulima wa Migori wamesaidiwa kuhamia kwenye maharage yenye madini ya chuma kwa wingi. Hoja inayokuja na zao mbadala husikilizwa nyumbani.

Walimu na viongozi wa vijiji, wapeni vijana nafasi ya kusema, lakini msiwaache peke yao. Wasitumwe kununua sigara ili kumnasa muuzaji, wala wasitaje majina ya watu hadharani. Msipokee fedha za kampuni za tumbaku kwa kazi hii. Nanyi wazazi, anzeni leo na lililo mikononi mwenu: msimtume mtoto sigara.