Boga Lisilopikwa

Hadithi njoo, wajukuu zangu! Sogeeni. Leo hadithi ni ya boga, tena boga la karatasi.

Hapa Kiranjeranje, huku kusini mwa Tanzania, boga la shambani lina kazi yake. Ramadhani ikiingia hukatwa, likapikwa kwa nazi, likawa futari. Kulipaka rangi chakula kiozee juu ya kabati si haki. La kutazama tulitengeneze wenyewe.

Kwanza litazameni la kweli. Wengi wakiambiwa wachore boga hulipaka rangi ya chungwa tupu, kwa kuwa wameyaona hivyo katika picha za Marekani, ambako mwisho wa Oktoba watu huyachonga macho na midomo. Asili yake ni huko Amerika kweli, na lilivuka bahari baada ya 1492. Lakini kwetu limekwisha kuwa mwenyeji: mengi ni ya kijani, yana mabaka na michirizi ya kijivu au manjano. Shikeni na kikonyo. Kina pembe tano, na pale kinaposhikana na boga hutandaza vidole kama mguu wa kuku. Mkiyaona hayo, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa finyangeni karatasi kuukuu ziwe donge kubwa, mlifunge kwa kitambaa chakavu. Zungusheni uzi kutoka juu hadi chini, mkaze, mpishanishe mara kadhaa. Pale uzi unapobana ndipo penye mifereji ya boga.

Gundi yetu ni muhogo. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, kisha umiminwe katika maji yanayochemka, na mkubwa asimamie moto. Chembe za wanga hufyonza maji ya moto, hufura, zikapasuka, na hapo uji hung'aa na kunata. Uacheni upoe.

Magazeti yachaneni kwa mkono, mkasi uwekeni kando. Ukingo uliochanwa huwa na nyuzinyuzi zinazolala na kushikana na kipande cha jirani. Uliokatwa huacha mstari ambao rangi haiufichi. Bandikeni tabaka mbili, anikeni hadi zikauke kabisa, ndipo mwongeze nyingine. Msiwe na pupa hapa. Unyevu ukibaki ndani, ukungu utaota na boga litanuka.

Likikauka, lipakeni chokaa ili maandishi ya gazeti yasionekane. Halafu rangi. Mkaa uliosagwa ni mweusi, udongo mwekundu mnao mlangoni, manjano ya jikoni mnaijua; zote changanyeni na uji kidogo zishike. Kijani cha dukani kikipatikana, vizuri. Kikonyo kisokoteni kwa karatasi, na pembe zake tano zionekane. Ukanda mwembamba ukiuzungusha kwenye penseli kisha ukaivuta penseli, umepata kikono cha kutambaa.

Anayetaka kupamba zaidi amkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini huku huku, mzaliwa wa Tunduru. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alichora wanyama na ndege jijini Dar es Salaam, kwenye vibao vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli. Alifariki 1972, na hadi leo mtindo wake unaitwa kwa jina lake. Kanga mwenye madoa atapendeza sana ubavuni mwa boga.

Likiwa tayari, msiliweke dirishani. Manjano ya jikoni hupauka upesi juani, itabidi mlipake upya.