Kukodi Pikipiki Nchini Vietnam: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kuwasha Injini

Tangu tarehe 15 Agosti 2023, Vietnam hutoa viza ya kielektroniki ya hadi siku 90 kwa raia wa nchi zote duniani. Hatua hiyo imewafungulia mlango wasafiri wengi, wakiwamo wa Afrika Mashariki wanaokwenda huko kwa biashara, masomo au mapumziko. Wengi wao, baada ya siku moja au mbili za kuzunguka kwa miguu, hujikuta mbele ya duka la kukodisha pikipiki.

Jambo hilo halishangazi. Vietnam ina watu wapatao milioni 100 na pikipiki zilizosajiliwa zaidi ya milioni 70. Pikipiki ndiyo gari la familia, ndiyo mkokoteni wa mfanyabiashara, na ndiyo teksi: pikipiki ya abiria huitwa xe ôm, maana yake chombo cha kukumbatia, kwa kuwa abiria humshika dereva. Mtu aliyezoea bodaboda atajiona yuko nyumbani. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa maana mazoea ya macho si sawa na haki ya kisheria ya kuendesha.

Makala hii inamlenga mtumiaji anayekusudia kukodi pikipiki nchini humo. Shabaha yake si kumkatisha tamaa, bali kumweleza jambo moja ambalo wakodishaji wengi hawalisemi: kukabidhiwa ufunguo hakumaanishi kwamba unaruhusiwa kuendesha, wala kwamba bima yako itakulipa.

Leseni: suala la kwanza

Maduka mengi hukodisha pikipiki bila kuuliza leseni. Mwenye duka hutaka jina, namba ya simu, dhamana na malipo ya siku. Ukimya wake usikupotoshe. Anayewajibika mbele ya askari, mbele ya mahakama na mbele ya kampuni ya bima ni wewe uliyeshika usukani.

Sheria ya usalama barabarani ya Vietnam iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inagawa leseni za pikipiki katika madaraja mawili makuu: A1 kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 125, na A kwa zile zinazozidi hapo. Pikipiki ndogo zisizozidi cc 50, pamoja na zile za umeme zenye nguvu ndogo, haziitaji leseni. Dereva wake anatakiwa tu awe na umri wa miaka 16 au zaidi.

Mgeni wa muda mfupi anatakiwa kuwa na leseni ya nchi yake pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho wengi hukiita leseni ya kimataifa. Kuna mambo matatu ya kuhakiki.

Kwanza, daraja. Kibali cha kimataifa hakikuongezei haki yoyote. Kinatafsiri tu haki uliyo nayo nyumbani. Kwa Mtanzania, leseni ya daraja D inaruhusu gari dogo la binafsi na si pikipiki. Anayetaka kuendesha pikipiki anahitaji daraja A au A1 katika leseni yake, na daraja hilo lazima lionekane pia katika kibali cha kimataifa.

Pili, mkataba ambao kibali kimetolewa chini yake. Vietnam ilijiunga mwaka 2014 na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, na inatambua vibali vilivyotolewa na nchi wanachama wa mkataba huo. Kibali kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 hakitambuliwi. Mwaka wa mkataba huchapishwa kwenye jalada la kibali; usome kabla ya kulipa, na uulize ofisi inayokitoa kama kitakubaliwa Vietnam.

Tatu, mtoaji. Kibali halali hutolewa na serikali au chombo kilichopewa mamlaka na serikali ya nchi iliyotoa leseni yako. Kwenye mitandao huuzwa vijitabu vyenye majina ya kuvutia na mihuri ya kung'aa ambavyo havina thamani yoyote kisheria. Ukikinunua, umelipia karatasi.

Bima mbili zisizofanana

Mkodishaji akikuambia kuwa pikipiki ina bima, muulize: bima ipi?

Bima ya lazima ya pikipiki nchini Vietnam ni ya dhima kwa watu wengine. Inafidia mtu unayemgonga, kwa kikomo cha dong milioni 150 kwa kila mtu aliyeumia au kufariki, kiasi ambacho ni chini kidogo ya dola 6,000 za Marekani. Haikutibu wewe, haimtengenezi mwenye duka pikipiki yake, wala haikurudishi nyumbani. Zaidi ya hayo, kanuni zake zinaitoa kampuni ya bima katika wajibu wa kulipa pale dereva anapokuwa hana leseni halali. Maana yake ni kwamba dereva asiye na leseni anabeba mzigo wote mwenyewe, wa majeraha yake na wa majeraha ya yule aliyemgonga.

Bima inayokuhusu wewe ni bima ya safari unayoikata kabla ya kuondoka. Hapa tunamsihi msomaji asiishie kwenye ukurasa wa kwanza wenye kiasi kikubwa cha matibabu. Afungue sehemu inayoeleza mambo yasiyofidiwa na kutafuta neno pikipiki. Mikataba hutofautiana: mingine haifidii kabisa ajali ya pikipiki, mingine hufidia pikipiki isiyozidi cc 125 tu, mingine hudai ada ya ziada. Karibu yote huweka masharti ya leseni halali kwa nchi husika, kofia ngumu, na kutokuwa na kilevi mwilini.

Mfano

Tuchukulie kuwa mtumishi mmoja mwenye leseni ya daraja D amekata bima ya safari yenye kikomo kikubwa cha matibabu. Akiwa Da Nang anakodi pikipiki ya cc 110 ili apande njia ya mlima Hai Van kuelekea Hue, safari inayopendwa kwa mandhari ya bahari. Duka halimuulizi leseni. Kwenye kona ya mteremko gurudumu la mbele linateleza juu ya mchanga, naye anavunjika mguu.

Hospitali binafsi inataka malipo ya awali kabla ya upasuaji. Anaipigia simu kampuni yake ya bima. Swali la kwanza ni mahali alipo. La pili ni kama alivaa kofia ngumu. La tatu ni daraja la leseni yake. Baada ya jibu la tatu, madai yanakataliwa. Ndugu zake wanaanza kuchangishana kwa simu usiku huohuo, na duka nalo linadai gharama ya kutengeneza pikipiki kutoka kwenye dhamana yake.

Katika mfano huu kampuni haikufanya hila. Ilitekeleza sharti lililoandikwa. Hasara ilipatikana siku mkataba uliposainiwa bila kusomwa. Kule mlimani ilijidhihirisha tu.

Dukani: kabla ya kuchukua ufunguo

Usiache pasipoti yako halisi kama dhamana. Hoteli za Vietnam zinatakiwa kuwaandikisha wageni kwa polisi, hivyo utaihitaji kila unapolala. Tena, mtu aliyeshika pasipoti yako ameshika safari yako: ukitokea ubishi juu ya mkwaruzo, utalipa chochote anachotaka ili uwahi ndege. Toa nakala ya pasipoti na dhamana ya fedha taslimu, na udai stakabadhi inayoonyesha kiasi na masharti ya kurudishiwa. Duka likikataa kabisa, tafuta lingine.

Unapohesabu fedha, angalia vizuri noti. Noti ya dong 20,000 na ya dong 500,000 zote zina rangi inayoelekea buluu, na kuzichanganya ni kosa la kulipa mara 25.

Piga picha na video za pikipiki pande zote mbele ya mwenye duka, ukianza na kila mkwaruzo, kisha kipima mafuta na namba ya usajili. Andika kasoro hizo kwenye mkataba. Picha ya asubuhi huokoa ugomvi wa jioni.

Jaribu breki zote mbili, honi, taa na indiketa. Tazama tairi na mnyororo. Hakikisha unajua aina ya gia: pikipiki nyingi za huko ni za gia za mguu zisizo na klachi ya mkono, na mteremko wa mlima si mahali pa kujifunzia.

Omba kadi ya pikipiki, au nakala yake, pamoja na cheti cha bima ya lazima, na uhakikishe tarehe yake haijapita. Askari wanaweza kuvidai njiani.

Mwisho, uliza kwa maandishi: pikipiki ikiibwa utalipa kiasi gani? Ikiharibika njiani, nani anagharimia fundi? Je, unaruhusiwa kuitoa nje ya mji? Mkataba ukiwa kwa lugha usiyoielewa, omba nakala unayoielewa kabla ya kusaini.

Barabarani

Nchini Vietnam magari hupita upande wa kulia, kinyume cha Tanzania, Kenya na Uganda. Makosa hutokea zaidi asubuhi unapoanza safari na unapotoka kituo cha mafuta, wakati mwili unarudi kwenye mazoea yake. Kofia ngumu ni lazima katika barabara zote tangu tarehe 15 Desemba 2007, kwa dereva na abiria. Kofia nyepesi ya bure ya dukani haitoshi, nunua inayokaa sawasawa na kufungwa vizuri. Tangu tarehe 1 Januari 2020 dereva haruhusiwi kuwa na kiwango chochote cha kilevi. Pikipiki hazitakiwi kwenye barabara kuu za mwendo kasi, wala kuendeshwa ndani ya handaki la Hai Van. Njia yake ni ile ya juu ya mlima.

Kaskazini, wageni wengi huvutiwa na mzunguko wa Ha Giang unaopita Dong Van na njia ya mlima Ma Pi Leng, kwenye barabara iliyochongwa kwa mikono milimani kati ya mwaka 1959 na 1965. Uzuri wake ndio ukali wake: kona kali, malori, ukungu, na maporomoko ya udongo wakati wa mvua za Mei hadi Septemba. Eneo la kati, kuanzia Hue hadi Da Nang, mvua kubwa na mafuriko huja hasa Oktoba na Novemba. Panga safari kwa kufuata majira.

Ajali ikitokea

1. Jiweke mahali salama na uwasaidie walioumia. Piga 115 kwa gari la wagonjwa na 113 kwa polisi.
2. Ipigie kampuni yako ya bima kwa namba ya dharura ya saa 24 mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kabla ya kukubali matibabu makubwa.
3. Piga picha za eneo, za vyombo na za namba za usajili.
4. Usisaini maelezo usiyoyaelewa. Omba mkalimani; hoteli yako inaweza kusaidia.
5. Tunza taarifa ya polisi, ripoti ya daktari na kila stakabadhi. Madai huanguka kwa kukosa karatasi.

Kama huna leseni ya pikipiki

Bado unaweza kuiona nchi hiyo. Ha Giang na Da Lat wapo madereva wenyeji wanaobeba wageni nyuma yao kwa siku kadhaa. Dereva hujua njia, nawe unabaki na macho ya kutazama. Unaweza pia kutumia pikipiki ya umeme yenye nguvu ndogo mjini. Katika hali zote mbili, iulize kampuni ya bima kwa maandishi kama abiria wa pikipiki, au dereva wa pikipiki isiyohitaji leseni, anafidiwa. Jibu la mdomo la wakala halitoshi.

Malalamiko

Mgogoro na duka la Vietnam uko nje ya uwezo wa mamlaka za hapa nchini, ndiyo maana ushahidi wako lazima uwe kamili kabla hujaondoka dukani. Mgogoro na kampuni ya bima iliyosajiliwa Tanzania ni suala tofauti. Anza kwa kuiandikia kampuni, ukieleza kipengele cha mkataba unachotegemea na kuambatisha vielelezo. Usiporidhika na jibu, unaweza kuwasilisha lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kumbuka kuwa msuluhishi husoma mkataba uleule uliousaini.

Kwa hiyo, kabla ya safari, tenga saa moja. Weka mezani leseni yako, kibali cha kimataifa na mkataba wa bima, kisha uvisome kwa pamoja. Vikikubaliana, safari njema. Visipokubaliana, bado una muda wa kuongeza daraja la leseni, kubadili bima, au kupanda nyuma ya mwenyeji. Muda huo hautakuwapo tena ukiwa umelala kando ya barabara.