UKUCHA UNAPOGEUKA KUWA MWIBA

Mwaka jana, baada ya mavuno ya uwele, mzee mmoja aliletwa zahanati juu ya baiskeli. Kazi yake ni kuchunga ng'ombe, lakini siku hiyo hakuweza kukanyaga chini. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba na kutoa usaha.

"Mwanangu, kidole changu kina mdudu," aliniambia. "Nimemchimba kwa mwiba mara tatu, simpati."

"Mzee wangu, humpati kwa sababu hayumo," nilimjibu.

Nilimwosha mguu, nikamwonyesha. Hapakuwa na mdudu wala funza. Pembe ya ukucha wake mwenyewe ilikuwa imezama ndani ya nyama, kama mwiba wa mgunga unavyozama katika unyayo.

Ukucha huingiaje ndani?

Ukucha hukua kidogo kidogo kuelekea mbele. Pembe yake ikiwa nzima, hupita juu ya nyama bila kuidhuru. Lakini mtu akiikata pembe hiyo kwa mviringo, au akiuchana ukucha kwa mkono, hubaki ncha kali isiyoonekana. Ukucha unapokua, ncha hiyo huchoma nyama ya kando. Nyama huvimba. Kadiri inavyovimba, ndivyo inavyozidi kuchomwa. Vijidudu huingia penye jeraha, na usaha hutunga.

Viatu vya kubana na mabuti ya mpira huisukuma nyama kwenye ukucha. Maji na jasho hulainisha ngozi. Kwa hiyo wakulima wa mpunga wa Bahi, ambao hushinda na miguu majini, wajihadhari.

Watu wengi hudhani ni funza, kwa sababu funza naye hupenda kukaa karibu na ukucha. Mtazame vizuri. Funza huwa kivimbe kidogo cheupe chenye doa jeusi katikati, tena huwasha. Ukucha ulioingia ndani huuma kando, hasa ukivaa kiatu.

Mambo ya kuepuka

Usichimbe kwa mwiba, pini au wembe. Usipake jivu, samadi wala unga wa betri. Uchafu huo unaweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua. Usifungue kapsuli na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Usiazimane wembe, kwani damu ya mwenzako inaweza kukupa UKIMWI au homa ya ini.

Mambo ya kufanya

Ikiwa kidole kinauma tu na hakina usaha, fanya hivi:

1. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu. Tia vijiko viwili vya chai vya chumvi katika lita moja.
2. Loweka mguu kwa dakika 15, mara tatu kwa siku.
3. Kausha vizuri, hata katikati ya vidole.
4. Vaa ndala au katambuga, usivae kiatu cha kubana.

Nenda zahanati bila kungoja ukiona usaha, homa, uvimbe unaopanda mguuni, au siku tatu zikipita bila nafuu. Mwenye ugonjwa wa kisukari asijitibu nyumbani hata siku moja. Kidonda chake hupona polepole, na anaweza kupoteza kidole au mguu mzima.

Yule mzee alikuwa amekaa na usaha wiki tano. Tulimwandikia barua aende kituo cha afya. Huko walimpima damu wakakuta ana kisukari, naye hakuwa akijua. Alichomwa sindano ya ganzi, kipande cha ukucha kikaondolewa, akapewa dawa. Kidole kilipona. Lau angeendelea kuchimba, huenda tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Kinga yake ni rahisi

Kata ukucha kwa mstari ulionyooka. Usiukate mfupi mno. Acha pembe mbili zionekane. Osha miguu kila jioni, uitazame.

Mwaka 1973 wananchi walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza kwamba magonjwa mengi huzuilika nyumbani. Somo hilo halijazeeka. Leo mzee wetu amerudi machungani. Macho yake hayaoni karibu, hivyo mjukuu wake humkata kucha. Kila mara humwambia, "Mjukuu wangu, pembe ziache!"

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini kuchimba kidole huzidisha ugonjwa?
2. Utatofautishaje funza na ukucha ulioingia ndani?
3. Tazama kucha zako sasa. Je, pembe zake zinaonekana?